Chile baada ya Pinochet: Umaskini Ulipungua, Kanuni Zikabaki

Tarehe 10 Machi 1990, siku moja kabla ya kukabidhi madaraka kwa rais aliyechaguliwa na wananchi, serikali ya kijeshi ya Jenerali Augusto Pinochet ilichapisha katika gazeti rasmi sheria mpya ya elimu. Sheria hiyo haikuzungumzia majeshi, wala wafungwa, wala maadui wa taifa. Ilieleza nani anaweza kufungua shule, kwa masharti gani, na serikali ina mamlaka kiasi gani juu ya aliyeifungua. Upekee wake ulikuwa mmoja: iliwekwa katika kundi la sheria zilizolindwa na Katiba kwa kizingiti maalumu, hivi kwamba kuibadilisha kulihitaji kura za sehemu nne kati ya saba za wabunge na maseneta wote walio madarakani, wala si wingi wa kawaida. Kesho yake jenerali alitoka ikulu. Sheria aliyoiacha ilidumu hadi 2009.

Wanaosimulia kisa cha Chile hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaokiita mfano bora wa Amerika ya Kusini, nchi iliyotoka katika udikteta bila vita, ikakuza uchumi na kuwainua mamilioni ya watu. Wapo wanaokiita usaliti, wakisema kwamba waliopigania demokrasia waliingia madarakani na kuwasahau waliowaweka huko. Kila kambi ina ushahidi wake, na sina haja ya kuubeza. Kasoro ninayoiona ni kwamba zote mbili huchanganya umaskini na ukosefu wa usawa, kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Chile ilipunguza umaskini kwa ukuaji wa uchumi na fedha za serikali. Kupunguza ukosefu wa usawa kulihitaji jambo jingine, yaani kugusa kanuni zinazoamua nani anasoma wapi, nani anatibiwa wapi, nani anaishi wapi na nani ananufaika na akiba ya nani. Na kanuni hizo ndizo ambazo utawala wa kijeshi ulizijengea uzio kabla ya kuondoka.

Urithi

Mapinduzi ya Septemba 11, 1973 yalimwangusha Rais Salvador Allende, aliyefia ndani ya ikulu ya La Moneda siku hiyohiyo. Bunge lilifungwa, vyama vya siasa vikapigwa marufuku au kusimamishwa, na polisi wa siri waliojulikana kama DINA, chini ya Manuel Contreras, wakawa na uwezo wa kumkamata yeyote na kumpeleka kusikojulikana. Hadi leo serikali imewatambua rasmi watu zaidi ya 3,000 waliouawa au kupotezwa, na wengine zaidi ya 38,000 waliofungwa kwa sababu za kisiasa na kuteswa.

Hofu hiyo haiwezi kutenganishwa na yaliyofuata katika uchumi. Kikundi cha wachumi wa Chile, wengi wao waliosomea Chuo Kikuu cha Chicago, kilipata nafasi ambayo hakuna mchumi katika nchi yenye uchaguzi huru angeipata: kuipanga nchi upya bila chama cha wafanyakazi kinachoweza kugoma, bila gazeti linaloweza kuhoji, bila bunge la kukataa. Mwaka 1979 sheria za kazi ziliandikwa upya, na majadiliano ya mishahara yakafungiwa ndani ya kampuni moja moja, ili wafanyakazi wa sekta nzima wasikae meza moja. Mwaka 1981 mfumo wa pamoja wa pensheni ulibadilishwa na akaunti binafsi. Kila mwajiriwa alikatwa asilimia 10 ya mshahara, fedha zikapelekwa kwa kampuni binafsi za kusimamia akiba, maarufu kwa ufupisho wa AFP, na mwajiri akaondolewa wajibu wa kuchangia akiba hiyo. Wanajeshi na polisi hawakuingizwa. Walibaki na mifuko yao ya zamani. Sidhani kama kuna kipimo bora zaidi cha imani ya majenerali katika mfumo waliouamuru.

Mwaka huohuo sheria ya maji iliigeuza haki ya kutumia maji kuwa mali inayomilikiwa bila kikomo cha muda, inayoweza kuuzwa bila ardhi na bila kujali itatumika kwa nini. Katika afya, mwenye kipato kizuri aliruhusiwa kuchukua mchango wake wa lazima na kuupeleka kwa bima binafsi, huku maskini, wazee na wagonjwa wakibaki katika mfuko wa umma. Shule za serikali zilikabidhiwa manispaa, kila manispaa ikiwa na uwezo wake, na ruzuku ya serikali ikaanza kumfuata mwanafunzi hata katika shule ya mtu binafsi inayotafuta faida.

Hata ramani ya mji mkuu ilichorwa upya. Kati ya 1979 na 1985 maelfu ya familia zilizoishi katika makazi ya mabanda ndani ya manispaa tajiri za Santiago zilihamishwa, mara nyingi kwa malori, hadi pembezoni mwa jiji, katika maeneo kama La Pintana yaliyofanywa manispaa mpya bila viwanda, bila hospitali za kutosha na bila kodi za kukusanya. Matajiri walibaki mashariki, karibu na milima. Hapo awali tajiri na maskini wa Santiago walikuwa wakionana kila siku barabarani. Baada ya hapo maskini alipanda basi kwa saa nzima au zaidi kwenda kufanya usafi katika nyumba ya tajiri, naye tajiri hakuwa na sababu yoyote ya kufika anakoishi maskini.

Mdororo wa 1982 ulisinyaza uchumi kwa zaidi ya asilimia 10, na serikali iliyohubiri soko huria ikalazimika kuzichukua benki kubwa zilizokuwa zinafilisika. Kufikia 1987, kwa kipimo cha serikali yenyewe, asilimia 45 ya wananchi walikuwa maskini.

Mlango mwembamba

Utawala huu haukuangushwa vitani. Uliondoka kwa mlango uliotengenezwa na Katiba yake wenyewe ya 1980, ambayo ilipitishwa katika kura iliyopigwa bila daftari la wapiga kura. Katiba hiyo iliagiza kwamba mwaka 1988 wananchi waulizwe kama wanamkubali mgombea mmoja aliyeteuliwa na makamanda. Tarehe 5 Oktoba 1988 karibu asilimia 56 walisema hapana. Mwaka uliofuata Patricio Aylwin, mgombea wa muungano wa vyama ulioitwa Concertación, alishinda urais, na Machi 11, 1990 akaapishwa.

Ushindi wa kura haukuwa ushindi wa mamlaka. Maseneta tisa waliingia bila kuchaguliwa na mtu. Mfumo wa uchaguzi ulitoa viti viwili kwa kila jimbo, na orodha iliyoongoza haikuweza kuvichukua vyote ila ipate kura maradufu ya orodha ya pili. Kwa hiyo theluthi moja na kidogo ya kura ilitosha kuchukua nusu ya viti. Sheria nyeti zilihitaji vizingiti kama kile nilichokitaja mwanzoni. Jeshi lilihakikishiwa asilimia 10 ya mauzo ya nje ya shirika la serikali la shaba, Codelco, utaratibu uliokuja kufutwa kisheria mwaka 2019. Zaidi ya yote, Pinochet mwenyewe alibaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi Machi 1998, kisha akaingia Seneti kuwa mjumbe wa maisha. Desemba 1990 aliwaweka askari wake katika hali ya tahadhari kambini, na Mei 1993 makomando waliovaa mavazi ya vita walionekana katikati ya Santiago, mbele ya makao makuu ya jeshi, wakati uchunguzi wa hundi zilizomhusu mwanawe ukiendelea.

Waswahili husema ukila na kipofu usimguse mkono. Aylwin alikula na mtu aliyekuwa akiona vizuri sana na mwenye bunduki juu ya meza. Ndiyo maana siungi mkono lawama rahisi kwa serikali ya kwanza. Ndani ya nafasi ndogo iliyokuwepo, ilifanya mambo mawili makubwa.

La kwanza lilikuwa kodi. Miezi michache tu baada ya kuapishwa, Waziri wa Fedha Alejandro Foxley alijadiliana na sehemu ya upinzani wa mrengo wa kulia, na wakakubaliana kuipandisha kodi ya faida za kampuni kutoka asilimia 10 hadi 15, na kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 18. Mapato hayo yalielekezwa katika matumizi ya jamii: pensheni ndogo za wazee maskini, ruzuku za familia, zahanati, na mfuko mpya wa kusaidia miradi ya watu maskini, FOSIS. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa makubaliano kati ya serikali, shirikisho la vyama vya wafanyakazi na waajiri. Uchumi nao ulikua kwa wastani wa karibu asilimia 7 kwa mwaka hadi 1997. Matokeo yake ni kati ya makubwa kuwahi kuonekana katika bara lile: umaskini uliokuwa asilimia 38.6 mwaka 1990 ulishuka hadi asilimia 13.7 mwaka 2006 kwa kipimo kilekile.

Lakini tazama namna makubaliano yale yalivyosukwa. Sehemu kubwa ya mzigo iliangukia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwenye mshahara mdogo huilipa kwa kila anachonunua kwa sababu hana cha kuweka akiba. Serikali ilikusanya kwa wote na kuwapa maskini zaidi. Tabaka la kati lililo juu kidogo tu ya mstari wa umaskini lililipa na kupokea kidogo. Chile ilipojiunga mwaka 2010 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, ilionekana wazi kwamba katika nchi nyingi za Ulaya kodi na ruzuku hupunguza sana pengo la kipato, ilhali Chile pengo la kabla ya kodi na la baada ya kodi yalikaribiana mno.

Jambo la pili lilikuwa ukweli. Tume iliyoongozwa na mwanasheria Raúl Rettig ilikamilisha ripoti yake Februari 1991, ikiwa imethibitisha waathirika 2,279 waliouawa au kupotezwa, na Aylwin akaomba radhi kwa niaba ya taifa mbele ya kamera, sauti ikimkatika. Familia zilipewa pensheni, matibabu na nafasi za masomo. Haki mahakamani, alisema, itatafutwa kadiri itakavyowezekana. Maneno hayo yalikuja kumsumbua maisha yake yote, kwa sababu sheria ya msamaha ya 1978 ilikuwa bado inawafunika waliotenda.

Nyumba zilizofunikwa nailoni

Sera ya makazi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi msaada wa kweli unavyoweza kuendeleza mgawanyiko uleule. Serikali za kidemokrasia zilirithi upungufu mkubwa wa nyumba na zikaamua kuushambulia kwa kasi. Njia ilikuwa ileile iliyoanzishwa chini ya wanajeshi: familia maskini iweke akiba kidogo, serikali itoe ruzuku, kampuni binafsi ijenge. Kwa kuwa ruzuku ilikuwa kiasi maalumu kwa kila nyumba, faida ya mjenzi ilitegemea bei ya ardhi, na ardhi ya bei ndogo ilikuwa pembezoni. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 makumi kwa makumi ya maelfu ya nyumba yalipanda kusini na magharibi mwa Santiago, katika manispaa zilezile ambako malori ya miaka ya themanini yaliwashusha watu. Safari hii hakuna aliyelazimishwa na askari. Watu walijiandikisha, wakasubiri kwa miaka, wakapokea funguo kwa furaha, nao walikuwa na haki ya kufurahi, maana walitoka kwenye vibanda vya mbao na mabati wakaingia kwenye nyumba zenye maji, umeme na hati ya umiliki.

Mwaka 1997 mvua kubwa ilinyesha. Katika mtaa mmoja wa Puente Alto, pembezoni mwa Santiago, maji yalipita kwenye kuta za majengo mapya kabisa, na majengo hayo yakafunikwa kwa nailoni kutoka juu hadi chini. Picha zile zilizunguka nchi nzima. Hata hivyo, ubovu wa kuta naona ulikuwa tatizo dogo, kuta hutengenezwa. Tatizo kubwa halikuonekana pichani. Familia elfu kadhaa zenye kipato kinacholingana zilikuwa zimewekwa mahali pamoja, mbali na kazi, katika manispaa zisizo na kodi za kutosha kuendesha shule nzuri, wakati shule hizo zilikuwa mikononi mwa manispaa hizohizo. Nyumba ilikuwa ruzuku dhidi ya umaskini, na papo hapo ilikuwa tiketi ya kudumu ya kukaa upande mmoja wa jiji.

Mwaka ambao hofu ilikuwa imekwisha

Kama nalazimika kuonyesha ni wapi hasa njia ilipotea, sitaonyesha 1990. Nitaonyesha 2005.

Kufikia hapo mambo mengi yalikuwa yamebadilika. Oktoba 16, 1998 Pinochet alikamatwa London kwa hati ya jaji wa Hispania, na aliporudi nyumbani Machi 2000 hakuwa tena mtu asiyeguswa. Jaji Juan Guzmán alikuwa amepata njia ya kuipita sheria ya msamaha bila kuifuta: kama mtu alitekwa na mwili wake haujawahi kupatikana, basi utekaji bado unaendelea, na jinai inayoendelea haiwezi kusamehewa na sheria iliyoishia 1978. Mahakama ya Juu iliikubali hoja hiyo mwaka 1999. Contreras alikuja kufa mwaka 2015 akiwa mfungwa, akiwa amelimbikiza vifungo vya zaidi ya miaka 500. Sheria ya msamaha haikufutwa, ilinyimwa tu nguvu. Hapa kuna somo ambalo wachambuzi wa uchumi hawalitumii vya kutosha: kizuizi kilichoandikwa na dikteta kilizungukwa pale watu wenye mamlaka walipoamua kutafuta njia.

Mwaka 2005 rais alikuwa Ricardo Lagos, msoshalisti wa kwanza kuingia La Moneda tangu Allende. Mwaka huo aliwaondoa maseneta wasiochaguliwa, akairudisha mikononi mwa rais mamlaka ya kuwaondoa makamanda, na sahihi yake ikachukua nafasi ya sahihi ya Pinochet kwenye Katiba. Mwaka huohuo ulianza mpango wa afya uliompa kila mgonjwa, wa mfuko wa umma au wa bima binafsi, haki ya kisheria ya kutibiwa maradhi kadhaa yaliyoorodheshwa ndani ya muda maalumu; mpango huo ni kati ya mambo bora zaidi ya kipindi chote, kwa sababu ulitoa haki ileile kwa tajiri na maskini.

Na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mikopo ya elimu ya juu yenye dhamana ya serikali. Vijana wengi kutoka familia ambazo hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu walikuwa wamemaliza sekondari, iliyofanywa ya lazima mwaka 2003, na walitaka kuendelea. Serikali ingeweza kupanua vyuo vyake. Badala yake ilizialika benki zikopeshe kwa riba ya karibu asilimia 6, yenyewe ikawa mdhamini, na ikanunua sehemu ya mikopo hiyo kutoka kwa benki kwa bei ya juu kuliko thamani yake. Hakuna jenerali aliyeiamuru sheria hii, na hakuna seneta aliyeteuliwa aliyeilazimisha. Ilitungwa na wanademokrasia waliokwisha kuzoea kuifikiria haki ya raia kama bidhaa inayotafutiwa mkopo. Ukweli huu ni mgumu zaidi kuliko hoja ya usaliti: wengi wao walikuwa waaminifu, na walidhani wanapanua fursa, na kwa kweli waliipanua. Mtoto wa fundi aliingia chuo. Alitoka na deni, mara nyingi na cheti ambacho soko la ajira halikukithamini, wakati mwenzake wa mashariki mwa jiji alitoka bila deni na akiwa na majina ya waliosoma naye.

Wanafunzi ndio waliolisema jambo hili kwa sauti. Mwaka 2006 wale wa sekondari, waliobandikwa jina la pengwini kwa sababu ya sare zao, walisimamisha shule nchini kote wakidai ile sheria ya Machi 10, 1990 ifutwe. Walikuwa watoto ambao wengi wao walizaliwa karibu na mwaka ilipochapishwa. Ilibadilishwa 2009. Wale wa vyuo walijaza barabara mwaka 2011; kati ya viongozi wao walikuwemo Camila Vallejo na Gabriel Boric. Riba ikashushwa hadi asilimia 2, faida na kuchagua wanafunzi wa kupokelewa vikapigwa marufuku katika shule zinazopokea ruzuku kwa sheria ya 2015, na kuanzia 2016 wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini wakasoma chuo bila ada. Mfumo wa uchaguzi wa viti viwili nao ukafutwa mwaka 2015. Uzio ulikuwa unavunjwa, lakini ubao mmoja mmoja.

Peso thelathini

Oktoba 2019 nauli ya treni ya chini ya ardhi ya Santiago ilipanda kwa peso 30 katika saa za msongamano, ikafika peso 830. Waziri mmoja aliwashauri wananchi waamke mapema zaidi ili walipe nauli ndogo. Kwa mkazi wa pembezoni ambaye tayari huamka gizani kwa sababu nyumba yake ilijengwa kwenye ardhi ya bei ndogo, ushauri huo ulifupisha historia nzima niliyoieleza hapo juu, ingawa waziri hakukusudia. Wanafunzi walianza kuruka vizuizi vya vituo; Oktoba 18 vituo vikaungua, Rais Sebastián Piñera akatangaza hali ya hatari, na wanajeshi wakaonekana barabarani. Wiki moja baadaye watu zaidi ya milioni moja waliandamana Santiago. Kaulimbiu ilisema si peso 30, ni miaka 30. Zaidi ya watu 30 walikufa katika miezi ile, na mamia waliumizwa macho, wengi kwa risasi za mpira na mabomu ya machozi ya polisi.

Novemba 15 vyama vilikubaliana kuwauliza wananchi kama wanataka Katiba mpya, na Oktoba 2020 asilimia 78 walisema ndiyo. Baraza la watu 155 lilichaguliwa, wanawake na wanaume kwa idadi zinazolingana, likiwa na viti 17 vya watu wa asili na Elisa Loncon, mwanamke Mmapuche, kama rais wake wa kwanza. Rasimu yake iliahidi nyumba, afya, elimu, maji na pensheni kama haki. Septemba 4, 2022, kura ikiwa ya lazima, karibu asilimia 62 waliikataa, na manispaa maskini zilikuwa miongoni mwa zilizoikataa kwa nguvu. Desemba 2023 rasimu ya pili, iliyoandikwa na mrengo wa kulia, ilikataliwa pia kwa karibu asilimia 56. Katiba ya 1980, ikiwa na viraka vyake vingi, ipo bado.

Sababu za 2022 ni nyingi, zikiwemo uvumi, kashfa za baadhi ya wajumbe na vifungu kuhusu watu wa asili ambavyo wengi hawakuvielewa au hawakuvikubali. Ninayoona haipewi uzito wa kutosha ni ya akiba. Wakati wa janga la korona Bunge liliwaruhusu wananchi mara tatu kuchukua asilimia 10 ya akiba zao za pensheni. Watu waliochukia kampuni za AFP walipanga foleni, wakachukua, na kwa mara ya kwanza wakagusa fedha ambazo kwa miaka arobaini zilikuwa namba kwenye karatasi. Baada ya hapo, mtu aliyewaambia kwamba fedha hizo zitaingia katika mfuko wa pamoja alionekana mwizi, hata kama mfuko huo ungemlipa mchangiaji zaidi. Kaulimbiu mpya ilisema, kwa fedha zangu, hapana. Wachumi wa kijeshi waliandika sheria, ila jambo lenye nguvu zaidi walilolifanya ni kumfanya kila mwananchi awe mmiliki wa kipande kidogo cha mfumo unaomkandamiza. Asiye na kitu kingine hukilinda kipande hicho kwa meno. Ni vile vile kwa nyumba ya Puente Alto: mwenye hati yake alitaka kuambiwa waziwazi kwamba ataweza kuwarithisha watoto, na rasimu ilichelewa kumjibu.

Maji yamekwenda mwendo tofauti kidogo. Katika bonde la Petorca, ambako mashamba ya parachichi ya kusafirisha nje yalibaki kijani huku vijiji vya jirani vikiletewa maji kwa malori katika ukame ulioanza mwaka 2010, ilikuwa rahisi kuona nani ana haki na nani ana kiu. Aprili 2022, kabla ya kura ile, mabadiliko ya sheria ya maji yaliyopitishwa na Bunge la kawaida yalianza kutumika: matumizi ya binadamu yakapewa kipaumbele, na haki mpya zikawekewa ukomo wa miaka 30. Haki za zamani, ambazo ndizo karibu maji yote, ziliachwa kwa wenyewe.

Januari 2025, chini ya Boric, yule kiongozi wa wanafunzi ambaye wakati huo alikuwa rais, Bunge lilipitisha mageuzi ya pensheni yaliyokuwa yamekwama chini ya marais watatu. Mchango wa mwajiri utapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 8.5 ya mshahara. Sehemu itaingia akaunti ya mfanyakazi, sehemu nyingine itakwenda katika bima ya pamoja inayowafidia wanawake, ambao huishi muda mrefu zaidi na hukatwa pensheni kwa sababu hiyo, na waliochangia miaka mingi kwa mishahara midogo. Kampuni za AFP zimebaki, zikiwa na masharti mapya ya ushindani, kwa sababu bila hizo kura hazikutosha katika Seneti. Mfanyakazi wa La Pintana bado anakatwa asilimia 10 na kuipeleka huko. Wanajeshi bado wana mfuko wao.